Nguo za Watu kwenye Zulia la Ozite

Ozite wa Placide hakununua uzi hata siku moja. Katika parokia yetu ya Saint-Onésime, upande wa magharibi wa kisiwa cha Cape Breton, hakukuwa na mwanamke wa kununua uzi. Nguo ya sufu ilivaliwa na mwenyewe mpaka viwiko vikatoboka, ikavaliwa na mdogo wake, kisha ikaoshwa, ikakunjwa, ikapelekwa kwa mwanamke mwenye kiunzi. Huyo aliikata mikanda myembamba, akawamba gunia kwenye kiunzi chake, na kwa kulabu fupi akavuta mkanda kupitia matundu ya gunia, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka gunia likawa zulia. Tulikanyaga suruali za babu zetu kila tulipoingia jikoni, na tulijua ni za babu yupi.

Hilo la kujua ndilo ninalotaka lieleweke, maana siku hizi halieleweki. Vijana wetu wana mazulia ya kiwandani. Ukimwuliza kijana amesimama juu ya nini, anatazama viatu vyake. Sisi tulisoma zulia kwa kidole. Mgeni alipoingia, kabla ya chai, aliinama akagusa: hii nyekundu ni koti alilofungia ndoa Philomène, hii ya kahawia ni blanketi aliyorudi nayo Marcellin kutoka vitani. Hakuna aliyekosea. Na mwanamke aliyekuwa akivuta mikanda alijua kwamba anaandika majina. Koti la marehemu halikuwekwa karibu na mlango ambako mbwa hupita. Nguo za watu wasiosemezana hazikuwekwa bega kwa bega, labda mwenye kiunzi awe anataka kuwapatanisha, na hapo parokia nzima ilijua anachotaka.

Ozite alizaliwa katika nyumba ya Placide wa Thaddée, mtoto wa tatu kati ya tisa. Majina ya ukoo tunayo manne tu, kwa hiyo kila mtu huitwa kwa baba yake, na wakizidi wa jina moja, kwa babu yake. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi. Alipofika kumi na miwili alikuwa akivuta majani ya miti na maua ya waridi bila kuchorewa na mtu. Aliolewa na Lubin, ambaye tulichimba naye jasi machimboni miaka ishirini na miwili, mpaka kifua kikamshinda. Hawakupata watoto. Lubin alipozikwa, Ozite alibaki na nyumba, kiunzi, na wifi yake Zélie, dada wa Lubin, aliyekaa nyumba mbili juu yake. Kila majira ya baridi Zélie na wanawake wengine watatu walikuja kuketi kukizunguka kiunzi cha Ozite, wakivuta na kusengenya. Mimi nilikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nikiwaona dirishani, vichwa vitano vimeinama, na moshi wa jiko ukipanda wima.

Mwaka wa pili wa ujane wake, majira ya majani kuanguka, Ozite alikwenda Halifax kuonyesha macho. Basi la kurudi lilikuwa jioni, mvua ikinyesha, na mlango wa karibu uliokuwa wazi ulikuwa wa jumba la sanaa. Aliingia ili akauke. Alinisimulia mwenyewe, penye uzio, wiki ileile. Alisema ameona picha ya mwanamke anaosha sahani. Si malkia wala mtakatifu, mwanamke tu na beseni lake, na sahani zina mabaki ya chakula. Uso wa mwanamke ulikuwa wa kijani kama jani la kabichi. Ozite alisimama mbele yake kwa muda mrefu hata mlinzi akaanza kumfuata nyuma, na yeye, ili kumtuliza, akamfungulia mkoba wake aone kwamba ndani mna mkate na dawa ya macho tu.

"Jirani, yule mchoraji hakumwuliza mtu uso una rangi gani," aliniambia. "Alitaka kijani, akatia kijani."

Nilimjibu kwamba mtu anayepaka uso wa mkewe kijani ama haoni vizuri ama ana jambo analolificha. Alicheka. Mimi sikuwa nikitania.

Tangu siku hiyo maua na majani yaliisha. Alikitoa kiunzi sebuleni akakisogeza jikoni, kwenye dirisha linalotazama barabara, na akaanza kuvuta alichokiona. Alivuta suruali zilizoganda kwenye kamba ya nguo, zimesimama kama watu waliogombana. Alivuta mbwa wa Marcellin amelala kwenye ngazi ya posta. Wanawake wa kiunzini walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka sana. Mtu anayekutazama dirishani ili akutie kwenye zulia ni mtu anayekutazama dirishani, na mimi nilikuwa nikiishi ng'ambo.

Mwezi wa pili alivuta zulia la mtu amebeba kuni kwenye theluji wakati wa magharibi. Mtu mwenyewe alionekana mgongo tu, amejikunja, magogo matatu begani. Nililiona kabla halijaisha, na ninakiri lilikuwa zuri. Ukilitazama uliona baridi. Lakini majira yale kuni za Zélie zilikuwa zinapungua. Kila baada ya siku chache rundo lilishuka kidogo upande wa nyuma, na Zélie hakuwa mtu wa kusahau amechoma magogo mangapi.

Basi Zélie aliingia mchana mmoja na wenzake, akavua glavu, akaweka kidole juu ya mgongo wa yule mtu. Akakitembeza juu, akakitembeza chini. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hii ni sweta ya Théophane wa Fidèle. Wenzake wakagusa mmoja mmoja, wakakubali. Ilikuwa sweta ya Théophane. Alikuwa ameileta mwenyewe baada ya mazishi ya mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akiitia viraka. Hakuna aliyemwuliza Ozite lolote. Walikunywa chai, wakaondoka mapema, na kufikia Jumapili benchi la Théophane kanisani lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Théophane alikuwa mseja wa miaka kama thelathini na mitano, mpole, mwenye mikono mikubwa. Alikuja kwa Ozite Jumatatu, nami nilikuwa palepale nikimrekebishia bomba la jiko. Hakuketi.

"Shangazi Ozite, sweta ile nilikupa kwa mkono wangu. Nilikupa unifanyie hivi?"

"Mwanangu, nilitaka rangi ya theluji jua likizama. Katika gunia langu zima ni sweta yako tu iliyokuwa na rangi hiyo."

"Watu hawasemi rangi. Wanasema mimi."

"Huyu hana hata uso."

"Ndiyo. Umemnyima uso, ukampa sweta yangu. Ungemfanyia nini zaidi ili nijulikane?"

Ozite alimtazama, akaitazama picha, kisha akachukua kulabu yake na pale pale mbele yetu akaanza kuung'oa mgongo wa yule mtu, kitanzi kwa kitanzi, mpaka likabaki gunia tupu lenye umbo la mtu katikati ya theluji. Alidhani anamsafisha. Lakini kesho yake Zélie aliliona shimo, na kijiji kikapata uhakika. Walisema Théophane amemlipa aling'oe. Walisema mtu asiye na hatia hana haja ya kung'olewa. Na mimi, niliyekuwapo, niliyemsikia Théophane kwa masikio yangu, nilisema hivyo pia dukani. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kwenye rafu ya padri, nikijiona mimi ndiye mwenye akili ya kupima mambo, na niliyapima vile. Kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kuchukua kitambaa kwa bahati mbaya. Ningewezaje kuamini kwamba huyu mmoja amechukua rangi tu, kwa sababu ya mwanamke wa kijani aliyemwona Halifax siku ya mvua?

Baada ya Pasaka Théophane alikwenda Ontario kutafuta kazi ya migodi. Hakumuaga mtu.

Kiangazi hicho alikuja Bi Pruett, wa jumba la sanaa lilelile. Alikuwa akizunguka vijijini kutafuta kazi za watu wa nyumbani, ana daftari na kamera na viatu vya kutembelea milimani. Aliona suruali zilizoganda, akaona mbwa wa posta, akakaa chini. Alimwambia Ozite kwamba mwezi wa tano mwakani watafungua maonyesho, na anataka zulia moja kubwa, upana wa ukuta, lenye watu wa hapa katika maisha yao. Liwe limefika Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne. Likichelewa, ukuta atapewa mwingine.

Sijawahi kumwona Ozite vile. Alitembea barabarani kama msichana aliyeposwa. Alichagua meza: watu sita wamekaa jikoni baada ya mazishi, supu ya kuku katikati, kila mmoja anatazama upande wake. Aliichora kwa mkaa juu ya magunia manne aliyoyashona pamoja. Vitu vya kando alikuwa navyo, ukuta, jiko, theluji dirishani. Watu ndio hakuwa nao. Watu sita wanakula nguo nyingi, na alingoja majira ya baridi yamletee, kama yalivyomletea miaka yote.

Hayakumletea. Zélie alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba. Alisema Bi Pruett amepiga picha barabara nzima na kuandika majina, na kwamba zulia linakwenda kutundikwa Halifax ambako watu watalipa kiingilio waje watutazame. Leo mtu anatoa sketi yake kuukuu, kesho amekaa ukutani mbele ya waheshimiwa wa mjini akiwa mlevi, au mwizi, au mwenye jicho la husuda. Nani anajua wifi yangu atamfanya nani, alisema. Wala hakujali kwamba kuni zake zilikuwa zikiendelea kupungua na Théophane yuko Ontario. Zilipungua mwezi wa kumi na mbili, zikapungua mwezi wa kwanza. Hakuna aliyemwandikia Théophane barua. Badala yake walisema kwamba kumbe Ozite alimjua mwizi wa kweli tangu mwanzo, akamfunika kwa sweta ya mtu mwingine.

Ozite alikwenda kuomba, jambo ambalo mwenye kiunzi hakuwahi kulifanya kwetu. Kila nyumba ilimpa chai. Mmoja alisema nguo zimeliwa na nondo, mwingine kwamba amezipeleka kwa misheni. Mwingine alimwambia wazi kwamba mumewe amekataza, na mume mwenyewe yuko palepale mezani anatazama kikombe chake. Kwangu alikuja wa mwisho, mwezi wa pili, theluji imefika kwenye vizingiti vya madirisha. Alijua nina sanduku la nguo za Eugénie, mke wangu, ambaye alikuwa na miaka minne ardhini.

"Nipe hata sketi moja, jirani. Mwanamke wa katikati hana cha kuvaa. Yuko gunia tupu."

"Utamfanya nani?"

"Sijui. Mwanamke aliyekaa."

"Amekaa karibu na nani?"

"Na wewe pia," alisema.

Nilimwambia nitafikiri. Sikufikiri. Nililala na hofu moja tu, kwamba Eugénie atawekwa kwenye meza ile kando ya mwanamume fulani, nami nitakwenda kuona nilichokuwa sikijui. Mke wangu hakunipa sababu hata moja ya kufikiri hivyo katika miaka thelathini. Lakini ukishaanza kusoma nguo, huachi. Sanduku sikulifungua.

Baada ya siku chache taa ya jikoni kwa Ozite ilianza kuwaka kabla ya mapambazuko. Nilidhani amepata nguo mahali. Ndipo nikaona kamba yake ya nguo. Zilining'inia blanketi zake mbili, kisha hazikuonekana tena. Zikafuata sketi, shali, na nguo za ndani za sufu za Lubin, zile ndefu za machimboni. Mwezi wa tatu alikuja kanisani amevaa koti la mvua la Lubin la turubai, limejaa magazeti kifuani, yanachakarika kila alipopiga magoti. Koti lake la baridi, ambalo alikuwa nalo moja tu, alikuwa amelikata. Zélie alisema wifi yake amerukwa na akili. Hakumpa blanketi hata hivyo. Wala mimi sikumpa. Nilimwona akiteka maji mikono imekuwa ya zambarau, nikarudi kwenye kitabu changu.

Alimaliza Jumatano. Alhamisi dereva wa lori la maziwa alilipeleka zulia limekunjwa kama maiti, na Ijumaa likafika.

Mwezi wa tano padri alikodi basi. Tulikuwa watu arobaini, na usidhani tulikwenda kumpongeza. Kila mmoja alikwenda kuona ameshtakiwa nini. Njiani hakuna aliyeimba. Zélie alikuwa amejiandaa kabisa, alisema akijiona pale atalivuta zulia ukutani mbele ya gavana mwenyewe. Ozite alikaa mbele, peke yake, na mkate wake kwenye mkoba.

Zulia lilichukua ukuta mzima. Watu wa mjini walisimama mbali, mikono nyuma, wakiinamisha vichwa kando. Sisi tuliingia tukaenda moja kwa moja na kuanza kugusa. Mlinzi alikuja mbio akasema hairuhusiwi. Mzee Marcellin alimwuliza, sasa tutajuaje ni nani? Mlinzi akaita wenzake wawili, na wale watatu walihangaika kuzuia vidole arobaini kwa kadiri walivyoweza.

Nilitafuta hadi nikapata. Mwanamke wa katikati alikuwa na koti la Ozite. Mzee wa kushoto, nguo za ndani za Lubin. Aliyekuwa kando yake, shali ya Ozite. Mwingine blanketi ya kitanda chao, mwingine blanketi ya pili, na wa mwisho, aliyegeukia dirishani, alikuwa wa kofia na glavu za Ozite, zilizokatwa vipande vidogo sana. Nyuso zao wote sita zilikuwa za rangi ya soksi zake. Tulilipitia zulia mara ya pili, kisha ya tatu. Watu walianza kuulizana kwa kunong'ona kama kuna aliyejiona. Hakuna. Si mlevi wala mwizi, wala mwenye husuda. Parokia nzima haikuwamo. Na nikaona jambo ambalo sikulitarajia, kwamba walikuwa wanakasirika.

"Wote hawa ni wewe," Zélie alisema. "Umekwenda kuwaonyesha watu kwamba huna mtu."

"Mlinipa nani mwingine, wifi?" Ozite alisema.

Basi. Safari ya kurudi ilichukua muda wa saa sita.

Wiki iliyofuata mifuko ilianza kuonekana kwenye ukumbi wake wa mbele. Nilihesabu kumi na saba. Hakuna aliyepiga hodi. Waliweka wakaondoka, na ninadhani kila mmoja alitaka sasa awemo kwenye zulia lijalo, ama asiachwe peke yake nje wakati jirani yake yumo. Mimi pia nilivuka barabara na wangu. Ndani mlikuwa na sketi ya Eugénie. Ozite alinipokea mlangoni bila kuuliza, akaushika mfuko kwa vidole viwili, akauweka pamoja na mingine.

Hakukata kitu kwa siku kumi. Kisha asubuhi moja alitoa uani lile sufuria kubwa la kuchemshia nguo, akawasha moto chini yake, akatia maji, maganda ya vitunguu na kuvu la mawe alilolikusanya mlimani. Maji yalipogeuka kahawia, alianza kumwaga mifuko. Aliimwaga yote. Hakutenganisha nyekundu na nyeupe wala wanaosemezana na wasiosemezana. Alikoroga kwa mpini wa koleo.

Zélie aliona moshi akashuka mbio, aproni yake imejaa unga. Alisimama ukingoni mwa sufuria akatazama ndani, na nikamwona anatambua. Sketi yake ya buluu, ile ya ujana, ilipanda juu ikiwa nusu ya buluu, ikazama, ikapanda tena ikiwa si ya mtu.

"Wifi, zitoe. Hatutajua tena ni za nani."

"Ndiyo," Ozite alisema.

"Utafanyaje picha ya watu ambao hawajulikani?"

"Nitatazama nyuso zao."

Zélie alichukua fimbo akajaribu kuivua sketi yake. Aliipata nguo moja, akaiinua ikichuruzika, akaikunjua kwa vidole vinavyoungua, akaigeuza upande wa ndani kutafuta mshono anaoujua. Aliigeuza tena. Kisha akaja nayo mpaka kwenye uzio wangu, inatoa mvuke, akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa mtu wa vitabu, kama ninaweza kumwambia hii ilikuwa ya nani. Niliitazama vizuri. Inawezekana ilikuwa yake. Inawezekana ilikuwa ya mke wangu. Nilimrudishia, akairudisha sufuriani.